Injini Iliyofuliwa

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa sita, maji yalipokuwa yamekwisha kushuka mashambani na Lipangalala yote ikinuka matope yanayokauka, Fulgensi alianika cheni ya taimingi kwenye kamba ya nguo. Aliibana kwa vibanio vya mbao, katikati ya kitenge cha marehemu mkewe, Agnella, na gauni lake la kanisani. Chini ya kamba, juu ya mkeka wa kuanikia mpunga, alipanga vitu vingine alivyokwisha kufua: pistoni, valvu na springi zake, sproketi ya juu, lile gurudumu la meno linalovikwa cheni, na kemshafti, ule mhimili wenye nundu ambao kazi yake ni kuzifungua valvu na kuziacha zijifunge. Vyote alikuwa amevisugua kwa brashi na sabuni ya unga, akavisuuza maji matatu.

Hakuona ubaya wowote. Mtu akifa, vitu vyake hufuliwa kabla ya kugawiwa ndugu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake huko Mahenge, na pikipiki ilikuwa kitu cha Agnella, kwa hiyo aliifua. Kwamba haikuwa nguo ni jambo ambalo fundi cherehani anaweza kulisahau. Kwake yeye, chochote kilichounganishwa kinaweza kufumuliwa, kikafuliwa, kikashonwa tena.

Ilikuwa Honda nyekundu ya zamani ambayo masista walimwachia Agnella walipochoka kuisukuma. Agnella alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Kwa miaka mingi aliiendesha vijijini mpaka Kiberege, akipima watoto uzito na kuwagombeza mama zao, na ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe kibarazani. Fulgensi alikaa nyuma, amepakata mzani wa watoto. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Alisema ni kwa sababu ya macho, ingawa macho hayohayo yalitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Watu wa njiani waliwazoea. "Agnella kapita na mzigo wake," walisema, na hawakumaanisha mzani. Jina lilimkaa. Mwishowe mtu akiita "Mzigo!" sokoni, Fulgensi aligeuka.

Mwezi wa nne, wakati wa mafuriko, nyoka aliyekuwa akitafuta mahali pakavu alimuuma Agnella mguuni, kwenye tuta la mboga nyuma ya nyumba. Agnella alijilaza kibarazani, akamwambia mumewe asimfunge kamba, asihangaike kutafuta jiwe la nyoka, apige simu gari la wagonjwa lije. Bodaboda zote zilikuwa zimekwama ng'ambo ya maji na majirani walikuwa wamekwenda kuokoa mpunga wao. Fulgensi alipiga simu. Sauti ilimwambia, "Gari limeshatoka." Alipiga tena baadaye, na tena, na kila mara lilikuwa limeshatoka. Kwa hiyo walingoja, maana mtu aliyeambiwa gari limeshatoka hungoja.

Pikipiki ilikuwa uani, nzima, ina mafuta. Agnella alimwambia aiwashe, angalau iwe tayari. Aliiwasha, akasimama kando yake ameishika usukani kama mtu aliyeachiwa mbuzi wa jirani, mpaka maji yakapanda yakaizima. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuiendesha isipokuwa mgonjwa mwenyewe, na kabla ya jioni mgonjwa naye alikuwa ametangulia.

Binti yao Noela, aliyeolewa Mang'ula, alishauri kwa simu kwamba pikipiki iuzwe kwa watu wa chuma chakavu, kwa kuwa injini imekunywa tope. Fulgensi alisema hapana, ataifumua na kuitengeneza mwenyewe. Noela alisikika akiziba mdomo kwa kanga.

"Sawa, baba," alisema hatimaye. "Usijikate vidole."

*

Vitu vilipokauka, Fulgensi aliifunga sproketi kwenye leso safi, akampelekea Kasmiri, kijana fundi pikipiki wa karibu na stendi, ambaye enzi za uhai wa Agnella alizoea kuja kuazima spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeleta hii. Sijui inatazama upande gani."

Kasmiri aliigeuzageuza. "Hii siyo yake ya kuzaliwa. Ile ya mwanzo ilikwisha meno, mama akavisha hii ya pikipiki nyingine. Haina alama ya kiwandani. Alama alitia mwenyewe, tone la rangi ya kucha, jekundu. Liko wapi?"

"Nimefua."

"Umefua nini, mzee?"

"Injini."

Kasmiri hakucheka. Aliiweka sproketi chini taratibu, akatazama barabarani mpaka bajaji iliyokuwa inakuja ikapita na kupotea.

"Ilitakata?" aliuliza.

"Ilitakata sana."

"Basi sikiliza. Pistoni ukiipandisha juu kabisa, herufi iliyo kwenye magineti, lile gurudumu la sumaku la ubavuni, inakaa kwenye mkato wake. Huko chini hata wewe huwezi kupotea. Kazi iko juu. Kemshafti lazima ikae mahali pake, cheni na sproketi zikamatane jino kwa jino. Ukikosea jino moja mbele, mambo yanawahi. Ukikosea jino moja nyuma, mambo yanachelewa. Ukiiweka sawa, injini inaendelea pale ilipozimikia."

"Mambo gani yanawahi?"

"Mambo, mzee. Ndiyo maana tunatia alama."

"Huwezi kuja kuniwekea?"

"Naweza. Ila umeshautangazia mtaa mzima kwamba unaitengeneza mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ametangaza hata nje ya kanisa, baada ya misa, watu wakiwa bado wameshika vitabu vya nyimbo.

*

Aliifunga injini kibarazani, vipuri vikiwa juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Kwa kuwa tone la Agnella halikuwepo, alikisia, na palipomridhisha alipiga mstari kwa chaki ya cherehani. Ulikuwa mstari mzuri, umenyooka. Alirudisha kifuniko, akakaza boliti, akaisukuma pikipiki uani na kupiga kiki. Kiki ilimrudishia mguu wake kwa hasira. Alipiga tena, na injini ikawaka, ikilia kwa papara kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa.

Haikuwa imepata moto sawasawa pale Fuso lilipoegesha nje ya ua. Walishuka ndugu zake wa Mahenge, wamezeeka kidogo kuliko alivyowajua, na turubai, viti vya plastiki na yale masufuria makubwa ya msibani. Walimsalimu vizuri. Kisha walimwomba asogee pembeni, kwa sababu alikuwa amesimama mahali pa kuweka jeneza.

"Jeneza la nani?" aliuliza Fulgensi.

"La kwako," alisema mdogo wake, Silvano. "Linafuata nyuma. Sisi tumewahi."

Fulgensi alisogea. Jirani yake Natalia, aliyesikia masufuria yakigongana, alipita kwenye upenyo wa ua wa matete kuja kusaidia, kama ilivyo desturi. Alimkuta Natalia mwingine amekwisha kuinama mekoni, mwenye nywele nyeupe na meno machache zaidi. Walitazamana kwa ufupi. Natalia wa siku hizi alimwamkia shikamoo Natalia wa baadaye, akamwambia apumzike mgongo, akapokea upawa. Baadaye alisema kilichomuuma ni kuona kwamba kitambaa cha kichwani kilikuwa kilekile.

Wali ulipokuwa unakaribia kuiva, Silvano alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisafisha koo.

"Marehemu Fulgensi alizaliwa Mahenge. Alikuwa fundi cherehani. Alimwoa Agnella, ambaye aliendesha pikipiki. Marehemu alikaa nyuma. Alikuwa mtu mpole, hakumsumbua mtu. Ameacha mtoto mmoja, cherehani moja, na pikipiki ambayo hakuwahi kuiendesha."

Hapo ndipo wasifu ulipokwisha. Fulgensi alikuwa akitegemea ukurasa wa pili. Alinyoosha mkono.

"Niliitengeneza," alisema. "Hilo lingeongezwa."

"Kaka," alisema Silvano kwa upole, "wasifu umeshapitishwa na familia."

Watu walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mlevi msibani. Hakusisitiza. Alikula sahani ya wali, ambao ulikuwa mzuri, na kwa kuwa mikono ilikuwa michache alisaidia kuosha vyombo. Halafu aliizima injini. Ndugu walikunja turubai, wakapanga viti, wakamwambia wataonana. Walisahau upawa mmoja, ambao Natalia anautumia mpaka leo.

*

Aliifungua tena kesho yake na kuirudisha cheni nyuma. Alipaswa kuirudisha jino moja, lakini aliirudisha kwa bidii ya mtu aliyesikia wasifu wake, na bidii hiyo ikampitisha mpaka jino la pili. Safari hii injini iliwaka baada ya kuombwa sana. Ilikohoa, ikapata joto upesi, ikanguruma kizembe kama mtu anayevaa viatu huku wenzake wamekwisha ondoka.

Gari la wagonjwa liliingia uani bila king'ora. Jua lilikuwa kali, kuku wanajitifua vumbini, lakini magurudumu yalikuwa yanachuruzika maji ya mwezi wa nne. Dereva alishuka, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Jina lake, Theodori, lilikuwa limetariziwa kwenye mfuko wa shati, na Fulgensi hakuweza kujizuia kuona kwamba uzi ulikuwa mzuri.

"Hodi hapa. Tumekuja kumchukua mgonjwa."

"Karibu. Mgonjwa alishafariki."

"Loo, pole sana, mzee. Lini?"

"Mwezi wa nne."

Theodori alivua kofia. "Sisi tulikuwa njiani."

"Najua. Nilipiga simu, wakaniambia limeshatoka."

"Hawakukudanganya. Nililitoa mimi mwenyewe. Ila lilianzia mashine."

Aliufungua mlango wa nyuma, si kwa kujitetea, bali kama mtu anayemwonyesha mwenziwe hali ya barabara. Ndani kulikuwa na magunia ya mpunga mpaka kwenye dari. Mengine yalikuwa yamelazwa kwenye kitanda cha mgonjwa na kufungwa mikanda vizuri, yasianguke.

"Wa mkubwa mmoja," alisema Theodori. "Maji yalikuwa yameufikia. Mpunga ukilowa kwenye gunia unaota, mzee, unaharibika wote. Ikabidi uwahishwe kukobolewa."

Fulgensi aliyatazama magunia. Yalishonwa kwa mkono, mishono mirefu, kazi ya haraka.

"Na mgonjwa angekaa wapi?"

Theodori aliukagua mzigo kwa jicho la mzoefu. "Kwa juu," alisema. "Tungemlaza kwa juu."

Aliomba maji ya kunywa. Fulgensi alimletea kikombe, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. Injini ilipozimwa, gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na uani zilibaki alama za matairi zilizojaa maji. Kuku walikunywa humo mpaka jioni.

*

Jumatatu Fulgensi alivaa koti, akaenda ofisi ya magari ya wagonjwa kueleza. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Fulgensi alilithamini.

"Kwa hiyo gari lilifika," alisema ofisa.

"Lilifika."

"Mpaka nyumbani kwako."

"Mpaka uani."

"Dereva alikuwa na lugha nzuri?"

"Nzuri sana. Alivua kofia."

"Mzee wangu, wapo wanaokaa kwenye kiti hichohicho wakilalamika kwamba gari halikufika kabisa. Wewe la kwako limefika. Tukianza kupokea malalamiko ya watu waliohudumiwa, tutamaliza lini?"

"Kulikuwa na mpunga."

"Mpunga nao ulifika," alisema ofisa. "Na hakuna aliyeulalamikia."

Fulgensi alisema asante. Alipofika kwenye ngazi alikumbuka kwamba alikuwa ameisema mara mbili, na ile ya pili alikuwa ameinama.

Njiani, akipita kandokando ya mashamba yaliyovunwa, alianza kufikiri, jambo ambalo hulifanya taratibu na huku akichezesha midomo. Jino la mbele lilimletea kilichokuwa hakijafika wakati wake. Jino la nyuma lilileta gari likiwa limechelewa. Basi lile lililo sawa lingeleta gari kwa wakati. Na gari likija kwa wakati, Agnella yuko kibarazani, mzima wa kuweza kubebwa. Alisimama barabarani. Mwendesha baiskeli aliyekuwa nyuma yake alimkwepa na kumwita jina ambalo halikuwa Mzigo.

Alimweleza Natalia juu ya ua wa matete.

"Baba Noela," alisema Natalia, akipepeta mchele, "na likija, atapanda wapi, nawe unasema limejaa?"

"Kwa juu."

"Juu ya mpunga?"

"Hata juu ya mpunga. Ataniambia mwenyewe namna ya kumfunga."

Natalia alipuliza pumba. "Basi fua shuka," alisema. "Huko hospitali shuka ni za kwenda nazo."

*

Alifua shuka. Alipiga pasi kanga mbili, akazitia kwenye mfuko pamoja na sabuni, kikombe, kadi ya bima na chupa ya uji. Wakati anatafuta kanga alikuta kwenye mkoba wa Agnella kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kimebaki kidogo chini. Alikiweka mezani karibu na spana.

Kisha alifungua injini kwa mara ya tatu, na safari hii hakukisia. Hata mtu mwenye akili kama yake aliweza kuona kwamba jino alilotokea lilikuwa mbele, jino alilofikia lilikuwa nyuma, na baina yake limebaki moja. Alizungusha magineti polepole mpaka herufi ikakaa kwenye mkato na pistoni ikawa juu kabisa. Aliigeuza kemshafti mpaka nundu zake zote zikatazama chini na valvu zote zikatulia zimefungwa, kama wazee wawili waliokubaliana kunyamaza. Aliivika cheni, akaikaza, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili akisikiliza kama kuna kinachogusa. Hakuna kilichogusa. Alichovya kijiti kwenye kile kichupa, akatia tone moja kwenye jino. Tone likawa kubwa kuliko la Agnella, lakini lilikuwa mahali pake.

Kiki ya kwanza iliiwasha. Injini ililia sawasawa, laini, kama cherehani iliyopewa kitambaa chepesi.

Mvua ilianza kunyesha, kwa sababu ulikuwa mwezi wa nne. Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya migomba na yanakuja. Agnella alikuwa kibarazani juu ya mkeka, mguu umevimba mpaka gotini, ameinamisha kichwa upande kama alivyofanya siku zote akisikiliza injini.

"Tapeti moja ya valvu inagonga," alisema.

"Ipi?"

"Ya kutolea moshi. Siyo mbaya. Umeifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Agnella alimtazama, akatazama kamba ya nguo. "Usiniambie uliifua."

Fulgensi hakumwambia. Agnella alicheka mpaka ikabidi aushike mguu.

Fulgensi alipiga simu. Sauti ilimwambia gari limeshatoka. Safari hii hakukaa. Alichukua mfuko wenye kanga na uji, akatembea ndani ya maji mpaka barabarani, na huko alikuta kwamba simu haikumdanganya. Gari lilikuwa linakuja, limeinuka juu ya maji, taa zimewashwa, kwa wakati wake barabara, halijachelewa hata kidogo. Fulgensi alipunga mkono. Theodori alipiga honi, akapunga naye, akapita. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa bandeji kwa sababu magunia yalizidi. Liliendelea moja kwa moja hadi kwenye njia ya mashine, likawasha taa ya kukata kona, likakata.

Fulgensi alibaki na mfuko. Siku zote hizo alikuwa amewaza kwamba gari lilichelewa. Halikuchelewa. Lilikuwa na haraka tangu mwanzo, na haraka yenyewe ilikuwa ya mpunga. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa wakati wake, jino kwa jino.

Alirudi kibarazani.

"Limepita?" aliuliza Agnella.

"Limepita."

"Lina mpunga?"

"Ulijua?"

"Nimefanya kazi na wale watu, Baba Noela." Alishika nguzo, akajiinua kwa mguu mmoja. "Panda basi, twende. Maji hayajafika kwenye kabureta."

Fulgensi alipanda. Alijikalia vizuri, akaweka miguu mahali pa kukanyagia, akakusanya mikono kifuani tayari kupokea mzani, akangoja. Mvua ilimnyeshea. Injini ililia vizuri chini yake. Baada ya muda aligundua kwamba Agnella amesimama kando yake, anamtazama.

"Mzigo wangu," alisema Agnella, "mbele hakuna mtu."

Alisogea mbele. Agnella alipanda nyuma, akamshika kiunoni, akamwelekeza klachi ni ipi na gia ni ipi, kwa maneno machache na bila kugomba, jambo lililomwogopesha zaidi. Fulgensi alikanyaga gia, akaachia klachi. Pikipiki iliruka kama chura, mara moja, ikazimika mbele ya banda la kuku.

Jua lilikuwa linawaka. Uani palikuwa pakavu, mkeka kibarazani ulikuwa mtupu, na Fulgensi alikuwa ameketi peke yake juu ya pikipiki, ameng'ang'ania usukani, anatazamana na tetea.

*

Tangu hapo huiwasha kila siku baada ya chakula cha mchana, na kila siku mvua hunyesha. Kwanza hupiga simu, maana si vizuri kuwanyima watu nafasi, na huambiwa limeshatoka. Gari hupita kwa wakati wake. Kisha hupanda, siku hizi mbele moja kwa moja, na Agnella hupanda nyuma na ule mguu.

Siku ya kwanza baada ya banda la kuku walifika kwenye lango la matete, wakaling'oa. Juma lililofuata walifika kwenye migomba ya Natalia, wakaanguka katika tope, na Agnella alimwambia kwamba amemwona mtoto wa darasa la pili akiendesha vizuri zaidi, na kwamba asiache. Baadaye walifika barabarani, halafu kwenye kibao cha saluni, halafu kwenye kalvati. Mahali popote injini inapozimika, Fulgensi hujikuta peke yake juani, huisukuma mpaka nyumbani na kuwasalimia watu njiani. Hakuna anayemuuliza kitu. Kasmiri alimwona siku moja kwenye kibao cha saluni, akamwambia taimingi imekaa, tatizo ni dereva. Noela alipiga simu kuuliza mama anaendeleaje, akaambiwa uvimbe haujapita goti, akasema amwambie anamsalimia.

Natalia huuliza kila jioni anaporudi kutoka shambani. Ndiyo namna yao ya kusalimiana siku hizi.

Jumapili iliyopita Fulgensi alirudi akisukuma pikipiki, shati limelowa mgongoni, sehemu nyingine kavu. Natalia alikuwa mekoni, anageuza wali kwa ule upawa.

"Mmefika wapi leo?"

"Mashine."

"Kumbe mko karibu."

"Karibu sana. Bati la hospitali linaonekana. Gari lilikuwa limeegeshwa pale, vijana wanashusha magunia. Theodori yuko chini ya paa, anakula muhogo wa kukaanga. Agnella akamsalimia, akaitikia. Akatuambia tuangalie, mbele kuna maji."

"Na ikawaje?"

"Niligeuka kumwambia asante. Nikasahau klachi."

Natalia aligeuza wali upande mmoja, akageuza upande wa pili. Alifunika sufuria, akaweka makaa juu ya mfuniko.

"Kesho msisalimie," alisema.

Fulgensi alikubali, akasema atamwambia Agnella. Kisha aliiegesha pikipiki kibarazani, akaipangusa tope, akachukua spana ndogo na kwenda kuitazama ile tapeti, kwa sababu mkewe alikuwa amelalamika tena njia nzima.